Mchukuzi wa pale feri

Jana alasiri tumemzika mzee aliyekuwa akibeba ndoo za samaki sokoni hapa Bagamoyo. Miaka sita amenibebea mzigo, na jina lake nimelijua msibani. Hilo limeniuma mno.

Nilikuwa namwita "wewe, njoo." Mtu wa umri wa baba yangu! Nampa elfu moja, nageuka. Kumbe alisomesha wajukuu wanne kwa shingo ile. Bintiye alitutolea ngata yake: kipande cha kanga kilichosokotwa, kimefifia, katikati pamebonyea kufuata kichwa chake. Machozi yalinitoka mbele za watu. Na zamu yangu ya jeneza ilikuwa hatua chache tu, likapokewa na bega jingine.

Kutoka makaburini nilipita misheni, penye mnara ambamo mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulilazwa Februari 1874. Watu waliubeba kwa miguu karibu miezi tisa, kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma na Susi, waliowaongoza wabebaji hao, tunawataja. Wale wengine je? Kila mmoja alikuwa na mama aliyemzaa kwa uchungu uleule.

Nina miaka arobaini na moja, ndiyo kwanza najifunza kumtazama mtu usoni.

Leo asubuhi nimemuuliza jina kijana anayebeba badala ya mzee. Akashtuka, akadhani nimeibiwa. "La nini, kaka?" Nikamwambia nataka kulijua tu. Akatua ndoo, akafuta mkono kwenye shati, akanipa mkono, ndipo akalitaja.