Mlembe wa Sikonge

Wageni wanaopita Tabora huniuliza waende wapi kuona ndege, na najua wanategemea niwatajie hifadhi yenye lango na gari la paa la kufunguka. Wakitaka furukombe na mdiria, nawaambia wapande treni hadi Kigoma, kisha wafike Kibirizi asubuhi mitumbwi ya dagaa inaporudi. Kigoma ndiko nilikomwangalia mpaka shingo ikauma tai mmoja mweupe mwenye mbawa nyeusi, ametua juu ya mchikichi, anachopoa chikichi moja moja na kula. Ni wa ukoo wa tumbusi, na chakula chake ni chikichi! Ningesimuliwa tu, ningebisha.

Lakini ndege wangu yuko huku huku nyumbani, kwenye miombo ya Sikonge, na kwa sura hana makuu. Mlembe, ndege anayewaongoza watu hadi kwenye nyuki, ana uzito wa kama gramu 50, rangi ni ya kijivu na kahawia. Dume ana koo jeusi, shavu jeupe na mdomo wa waridi, na akiruka unaona manyoya meupe pembeni mwa mkia. Ndege wengine mimi ndiye ninayewatafuta. Huyu ananitafuta yeye.

Mwezi wa sita nilikwenda na mjomba kurina asali. Tulikuwa bado mbali na mizinga yetu ya magome tuliposikia che-che-che-che isiyopumzika, kama kiberiti kinachotikiswa. Mjomba akasimama, akapiga mluzi, akagonga mti kwa kisogo cha shoka. Nikamwambia, "Mjomba, si tuna mizinga yetu? Huyu wa nini tena?" Akanijibu, "Mwanangu, ukiitwa huitiki?"

Tukamfuata. Anaruka mti mmoja, anatua, anapiga kelele, anasubiri. Tukikaribia anasogea mbele. Nikisimama kufunga kamba ya kiatu, anarudi nyuma kunifuata. Mwisho akanyamaza kabisa, akatulia kwenye tawi. Mimi sikuona kitu. Mjomba akauzunguka mti mmoja mnene wa mtundu taratibu, uso ameuelekeza upande wa jua, mpaka akaona vimbawa vinavyometa vikiingia na kutoka kwenye ufa usiozidi upana wa vidole viwili. Mti ule ningeupita kila siku nisijue kama una nyuki.

Tukawasha mwenge, tukafukiza, mjomba akapanua tundu kwa shoka. Asali haikuwa nyingi. Kabla hata sijalamba kidole, mjomba alichukua kipande cha sega chenye majana, yaani watoto wa nyuki, akakiweka juu ya majani mabichi kwenye gogo. Tulipojitenga kidogo, mlembe akashuka. Asali si shida yake. Anataka nta na majana, na ni ndege wachache sana duniani wanaoweza kumeng'enya nta.

Wazee wetu wanasema ukimnyima, safari ijayo atakupeleka kwa chatu au simba. Wahadzabe wa Eyasi wana hesabu nyingine: mara nyingine huyachoma au kuyafukia masega yaliyobaki ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Mimi niko upande wa mjomba. Aliyekuonyesha apate chake.

Mwaka 2016 mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walichapisha matokeo yao kutoka Niassa, Msumbiji. Warina asali wa Kiyao huko wana sauti yao maalumu, mkoromo wa ulimi unaoishia na mguno. Wakiitoa, uwezekano wa kupata nyuki kwa msaada wa mlembe unapanda kutoka asilimia 17 hadi 54. Mwaka 2023 yeye na mtafiti mwenzake Brian Wood wakaonyesha jambo lililonigusa zaidi: milembe wa Uhadzabe huitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya Wayao, na wa Niassa nao huitikia zaidi sauti ya kwao. Yaani ndege hawa wamejifunza watu wa mahali pao. Na hawafundishwi na mama! Mlembe hutaga kwenye viota vya wengine, kama keremkerem na kigogota, na kifaranga chake huanguliwa na ndoana mdomoni ya kuwaulia watoto wa mwenye kiota. Ni ukatili, sikatai, lakini kinapotoka kwenye lile tundu kinaanza kutusoma sisi.

Ndiyo maana naumia nikipita njia ya Urambo. Tumbaku inakaushwa kwa kuni, na mti mzee wenye tundu ukiangushwa, nyuki wamekosa nyumba na mlembe amekosa cha kuonyesha. Vijana nao wanafuga kwa mizinga ya masanduku karibu na barabara. Asali yao ni safi na inauzika, siwalaumu. Ila mluzi wa mjomba hawaujui, na sehemu nyingine za Afrika ambako watu wameacha kumfuata mlembe, naye ameacha kuongoza.

Nimeanza kuurekodi mluzi ule kwa simu, pamoja na mgongo wa shoka ukigonga mti. Nataka sasa wa Kaliua, wa Uyui, wa Inyonga. Kama una babu au mjomba anayerina porini huko, muulize anamwita vipi mlembe, umrekodi akiita, kisha unitumie.