Nyumba yetu Tororo, 2025: fedha ifuate maji

Januari

Baba watoto amerudi kutoka Mombasa na ndoo ya rangi, ya maziwa, eti mwaka uanze na sura mpya. Nimemwambia aiweke chini ya kitanda kwanza. Kila tukipaka ule ukuta wa magharibi, unyevu unapanda kutoka chini na rangi inabambuka kabla mwaka haujaisha. Maji ya paa yanaanguka wima kando ya msingi, yanachimba shimo, yanatulia humo, ukuta unayanywa. Hata ukipaka rangi ya ikulu, itabambuka tu. Kwa hiyo tumekubaliana, mbele ya mama mkwe ili kusiwe na maneno baadaye: mwaka huu fedha inafuata maji. Paa, gata za kukinga maji ya paa, tangi, mtaro. Halafu jiko. Rangi itakuja ikipata nafasi.

Kwa msiotujua: tuko pembezoni mwa mji wa Tororo, mashariki mwa Uganda, upande ambao ukifungua dirisha jabali la Tororo liko mbele yako. Mume wangu ni dereva wa lori, mimi nashona, mama mkwe anaishi nasi, watoto ni watatu. Nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu mimi ni Msamia, yeye Mpadhola, na hakuna aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenzake.

Februari

Karo. Kifungua mimba ameingia P7, darasa la mwisho la shule ya msingi, na P7 ina michango ambayo P6 haikuwa nayo. Hakuna msumari uliopigwa mwezi huu.

Machi

Zamu yangu kwenye kikundi cha akiba imefika, na mvua iko mlangoni, basi tumeanza na mabati ya upande wa jikoni yaliyokuwa yameliwa na kutu hadi usiku unahesabu nyota ukiwa umelala.

Muuzaji wa kwanza alikuwa na bei tamu mno. Nikamuuliza geji ngapi, yaani unene wa bati, akanijibu, "Ni nzito tu, mama." Hapo nikamshukuru nikasonga mbele. Hesabu ya geji inakwenda kinyumenyume: 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Ile ya 32 ukiibonyeza kwa dole gumba inakuonyesha alama ya dole lako, na fundi akiikanyaga wakati wa kupigilia anaiacha na bonde ambamo maji yatalala na kutu itaanzia hapo hapo. Tumechukua 28, vipande vichache kuliko tulivyotaka. Palipobaki, mabati ya zamani yaliyo mazima yamehamishiwa.

Gata nazo zimefungwa. Fundi wetu hana haraka, na ndiyo sababu ninamlipa bila kunung'unika. Alichukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, akaujaza maji, mwanangu wa kati akashika ncha moja, yeye nyingine, wakatafuta usawa wa pande zote mbili za nyumba. Kisha akavuta uzi, akaushusha sentimita moja kwa kila mita kuelekea upande wa tangi. Kwa macho huwezi kuona kama gata imeinama, lakini ukimwaga kikombe cha maji juu kule, yanakuja chini yenyewe bila kusita njiani. Mtoto amemwaga vikombe hadi nikamfukuza.

Aprili

Umeme, ile kampuni ya kusambaza stima, imemaliza mkataba wake wa miaka 20 mwisho wa Machi na UEDCL, kampuni ya serikali, imechukua usambazaji. Kwetu kilichobadilika ni maongezi ya kinyozi. Yaka, umeme wa kulipia kabla, bado tunanunua vilevile kwa simu na kubonyeza zile namba.

Tangi sasa. Hapa tulibishana hadi saa tano usiku, yeye akitaka la lita 10,000, mimi 5,000. Hesabu ndiyo iliyoamua. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inakupa lita moja. Upande wa paa unaomimina kwenye gata ni mita 9 kwa 4, na unapima chini kwenye ardhi, si kwa kufuata mteremko wa bati. Hizo ni mita 36 za mraba. Mvua nzuri ya milimita 20 ni lita 720, yaani jerikani 36, ukitoa kinachoruka nje na kinachovuja. Mvua saba za namna hiyo na la 5,000 limejaa. La 10,000 lingekaa nusu tupu likitutazama mwaka mzima, na nusu ya fedha yetu imelala ndani yake.

Kitu ambacho watu hawakifikirii ni uzito. Lita 5,000 ni tani tano, zimesimama mahali pamoja, mchana na usiku. Nimeona tangi la jirani mmoja limeinama kwa sababu waliliweka juu ya matofali yaliyopangwa bila kitu chini. Sisi tumechimba hadi udongo mgumu, tukajaza mawe, tukamwaga murami, ule udongo mwekundu wa changarawe, na kuushindilia, kisha zege: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mchanga ni wa mto Malaba, umeoshwa. Saruji inatengenezwa hapa hapa mjini, vumbi lake tunalifuta kwenye meza, lakini dukani hakuna anayekupunguzia kwa ujirani.

Kazi ya kumwagilia zege kwa wiki nzima walipewa watoto, asubuhi na jioni, na magunia yaliyolowa yalitandazwa juu ili jua lisilipasue. Kitinda mimba alikuwa akimwagilia na miguu yake. Jino lake la kwanza limeng'oka kwenye shughuli hiyo hiyo, likadondoka kwenye gunia, tukalitafuta wote hadi likapatikana.

Kabla ya maji kuingia tangini kuna bomba la kusimama lenye kizibo chini. Linapokea maji ya kwanza ya kila mvua, yale yaliyosafisha vumbi na kinyesi cha ndege. Likishajaa, maji yanayofuata yanapita juu kwenda tangini. Baada ya mvua unafungua kizibo unamwagia migomba. Ya kunywa bado tunachemsha.

Mei

Radi. Mji huu una sifa hiyo duniani. Mara nyingi Tororo hutajwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, na mwezi huu sikuona sababu ya kubisha. Hapa mtu hacheki akisikia neno radi. Mwaka 2011 kule Kiryandongo, kwenye shule ya msingi Runyanya, ilipiga mara moja ikaondoka na watoto 18 na mwalimu.

Fundi wa umeme amekuja kuangalia waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini. Alichokuta ni waya ulioingia kwenye udongo mkavu kina cha kidole tu, basi. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo mpya ya shaba imepigiliwa kwenye kona yenye unyevu, mbali na koki. Sheria ya nyumba sasa: ikianza kunguruma, televisheni inachomolewa ukutani, na hakuna kugusa koki wala kusimama chini ya mwembe. Mama mkwe ameongeza yake, kwamba kioo kifunikwe. Tunakifunika. Kitambaa hakigharimu kitu.

Juni na Julai

Jiko. Hili nitaliandika kwa kirefu maana ndilo nililolipenda kuliko yote.

Tulitaka lile la udongo la sufuria mbili lenye bomba la moshi, Rocket Lorena. Mama mmoja wa kikundi chetu anayajenga. Anahitaji udongo wa kichuguu, unga wa mbao kutoka kwa seremala, na magogo ya mgomba. Udongo ndio ulioleta kesi. Nyuma ya nyumba tuna kichuguu kikubwa, nami nikatuma vijana na jembe. Mama mkwe akatoka na fimbo yake.

"Hicho nilikikuta hapa nilipoolewa," akasema. "Kila mwaka kinanipa kumbikumbi. Wewe jiko lako litanipa nini?"

"Chai bila machozi, Mama."

"Nenda kachimbe kilichokufa."

Kilichokufa kilikuwa kwenye shamba la muhogo la jirani, tukakipata kwa kilo ya sukari. Na kwa kweli udongo wake ulikuwa mzuri: ulipondwa, ukachekechwa, ukachanganywa na unga wa mbao na maji kidogo kidogo, ukakanyagwa kwa miguu. Unajua umeiva kwa kufinyanga donge, unaliachilia kutoka usawa wa kiuno. Likipasuka ni kavu, likibandika chini kama chapati ni bichi, likitua likabaki donge, endelea. Unga wa mbao ukishaungua ndani unaacha vitundu vidogo, na hivyo ndivyo vinavyozuia joto lisipotelee ukutani.

Magogo ya mgomba ni kalibu. Moja linalazwa mahali kuni zitakapoingilia, jingine linasimamishwa juu ya ncha yake mahali sufuria itakapokaa, mengine madogo yanaunganisha hadi kwenye sufuria ya pili na bomba. Udongo unashindiliwa kuzunguka yote hayo, safu kwa safu, kwa ngumi na kwa mchi. Ukishakaza, unayakata yale magogo ndani kwa ndani na kuyatoa vipande vipande, yakiteleza na kuchuruzika utomvu, na njia ya moto inabaki wazi. Mwanangu wa kati aliingiza mkono hadi begani, akatoa kipande cha mwisho akakishika juu kama kombe.

Halafu tukangoja. Wiki nne tukipika nje, kila mtu akipita analigusa jiko kama tumbo la mjamzito. Nyufa ndogo zilijitokeza, zikazibwa kwa udongo ule ule.

Moto wa kwanza uliwashwa na mama mkwe, hilo halikuwa na mjadala. Vijiti vitatu tu, na sufuria ya maharage ikachemka. Moshi ukatoka juu ya paa. Akasimama nje akiutazama muda mrefu, kisha akatoa hoja ambayo sisi wote hatukuwa tumeifikiria: mahindi ya mbegu tunayotundika juu ya moto ili moshi ufukuze dumuzi, sasa yatatundikwa wapi?

Ana haki. Mafiga matatu yamehamishiwa kwenye kibanda cha nje, na mbegu zake juu yake. Ugali wa wimbi anaupika huko pia. Anasema jiko jipya halivumilii mwiko wake, na mimi sitaki kulijaribu.

Agosti

Soketi mbili mpya sebuleni, zimemalizika kwa wakati, maana CHAN, michuano ya mpira ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, ilikuwa ikichezwa kwetu, Kenya na Tanzania. Siku ya sare ya 3-3 na Afrika Kusini sebule ilijaa hadi fundi aliyefunga soketi alitazama kutoka dirishani. Senegal wakatutoa robo fainali kwa bao 1 pale uwanja wa Namboole. Baba watoto aliisikiliza kwenye redio ya lori, akanipigia simu kunilaumu mimi.

Septemba

Karo tena. Mtaro wa kutoa maji ya ziada umechimbwa na kujengwa kwa mawe hadi kwenye migomba, mita chache tu. Ukuta wa magharibi umekwanguliwa plasta iliyooza hadi kwenye matofali, uachwe upumue.

Kitinda mimba anaendesha baiskeli. Ya kaka yake, miguu haifiki, anapitisha mguu chini ya bomba la fremu. Ameuvuka mtaro mpya bila kutarajia.

Oktoba na Novemba

Kumbikumbi wametoka kwenye kichuguu cha mama mkwe usiku baada ya mvua. Beseni lilijaa. Alinipa sehemu yangu ya kwanza kabisa, akanitazama nikila, hakusema neno. Alishinda kesi na alijua kwamba najua.

PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, imefanyika mwanzoni mwa Novemba. Wiki hizo nyumba haikujengwa. Nilihamishia cherehani jikoni ili kifungua mimba asome sebuleni kimya, na nikagundua kwamba jikoni sasa panakalika: macho hayawashi, kitambaa cheupe kinabaki cheupe. Nimeshona sare za shule nzima humo.

Desemba

Ukuta umekauka. Tumeupaka chokaa kwa nje, ya hapa hapa Tororo, kwa sababu inaruhusu ukuta kutoa jasho lake. Ile rangi imeishia chumba cha watoto. Tangi lilikuwa limejaa mvua ilipokatika, na nimeweka alama ya mkaa kila Jumapili nione linavyoshuka hadi Machi.

Baba watoto sasa anataka baraza. Amechora kwenye boksi la biskuti: nguzo nne za matofali, ngazi mbili. Sipingi, ila matokeo ya P7 yakitoka kuna S1, mwaka wa kwanza wa sekondari, na S1 ina orodha yake ya sanduku, godoro, ndoo na fyekeo. Fundi ameleta hesabu ya nguzo nne. Nimemwomba aniandikie na ya nguzo tatu.