Mpira wa dripu ndio ulionusuru lumbwi wangu

Kila aliyepita barazani kwetu alikuwa na ushauri wake juu ya lumbwi wangu, yaani kinyonga. Mtie kwenye tangi la samaki la kioo. Mwekee maji kisahani. Mpe wali, atazoea. Mie nikafuata mawili ya mwanzo; wali nikaula mwenyewe.

Kioo kwanza. Lumbwi akiwa ndani ya kioo hujiona akadhani kavamiwa na mwenziwe. Wangu alikuwa mweusi tangu asubuhi hadi jioni, kajivimbisha, kafutua zile ngozi za shingoni. Hewa haitembei, joto linapanda, na mwale wa jua unaomjenga mifupa haupiti kwenye kioo, hata cha dirisha. Nikapiga kizimba cha wavu, sentimita 60 kwa 60, kimo 120. Wavu uwe wa matundu madogo. Wa kuku, nyenje wa kumlisha wote wanatoka. Ndani nimetia matawi ya mpera, manene kwa membamba, na haibiskasi ya kwenye chungu isiyopigwa dawa. Wavu na mbao za sokoni Darajani zilikula elfu hamsini na ushei. Na akae peke yake, wawili hawapatani.

Kisahani ndicho kilichotaka kumuua. Lumbwi maji yaliyotuama hayatambui; yeye hunywa matone yanayometa juu ya majani. Siku nne kakaa juu ya kisahani kilichojaa, macho yakadidimia, na ile sehemu ya kinyesi inayotakiwa iwe nyeupe ikatoka rangi ya chungwa. Dalili hizo mbili nazitazama mpaka leo kabla ya kitu chochote.

Basi nikanunua mpira wa dripu duka la dawa, bei yake haifiki ya supu na chapati. Chukua chupa ya maji ya lita 1 na nusu, toboa kifuniko kwa msumari wa moto, tundu liwe dogo kidogo kuliko ile ncha ya mpira ili ibane. Ning'iniza chupa kichwa chini juu ya kizimba, kisha toboa kitundu chengine kitakoni. Hicho nilikisahau, na asubuhi nzima nikawa nalaumu mpira: bila hewa kuingia, maji hukatika baada ya muda mchache tu. Kigurudumu cha kwenye mpira kifungue hadi upate tone 1 kila sekunde 2, liangukie jani. Nusu saa asubuhi, nusu saa alasiri, na ndoo chini. Siku ya kwanza hakutikisika dakika 20. Halafu jicho moja likageukia tone, la pili likafuata, akaja kwa mwendo wake ule wa kupepesuka, akafungua mdomo chini ya jani. Koo likawa linapanda na kushuka. Sikupumua!

Chakula ni nyenje na panzi, mdudu asizidi nafasi iliyopo baina ya macho ya lumbwi. Mkubwa namlisha 5 au 6, siku moja hapana siku moja ndiyo. Mdogo kila siku. Nyenje hula karoti na boga siku nzima kabla ya kuliwa wao. Mende wa jikoni sitaki, hujui wamepita kwenye sumu gani.

Wadudu wana upungufu wa kalsiamu, ndiyo maana miguu ya lumbwi hupinda na taya hulegea. Unga wa kalsiamu wa dukani ni ghali, na mfupa mweupe wa dome, yule jamaa ya ngisi, umejaa pwani bure. Uroweke siku 3 ukibadilisha maji, uanike, ukwangue kwa kisu, uchekeche. Tia nyenje ndani ya mfuko pamoja na unga, tikisa mpaka wawe kama watoto waliopakwa poda. Lakini unga bila jua haumfai kitu: mtoe nje saa 1 hadi saa 3 asubuhi, nusu ya kizimba ikiwa kivulini. Akipauka na kuachama, joto limemzidi.

Jike mwekee ndoo ya mchanga wa unyevu, kina sentimita 25, la sivyo mayai humkwama akafa nayo.

Jioni toa nyenje waliobaki, usiku humtafuna yeye. Na chungu, yaani sisimizi, wakiingia ni balaa, kwa hiyo miguu ya meza yake imesimama ndani ya makopo ya maziwa yenye maji na sabuni kidogo. Sabuni huwazamisha, na mbu nao hawazaliani humo.