Droo ya tatu

Leo nimefika kazini, maabara, saa 12 na nusu asubuhi. Umeme ulikatika usiku, na mimi umeme ukikatika usiku usingizi unaniruka. Mashine ya kuchakata sampuli tunaiwasha jioni tukiondoka, nayo inakesha ikifanya kazi: vinyama, yaani vipande vilivyokatwa mwilini mwa wagonjwa, vinatoka kwenye fomalini, dawa ya kuvihifadhi, vinapita alkoholi ya asilimia 70, 95, mpaka 100, kisha zailini ya kuondoa alkoholi, kisha nta ya moto ya nyuzi 60 hivi. Ikizimika katikati, nta ikaganda, asubuhi unakuta kitu kisichokatika wala kusomeka. Na kinyama hakina cha akiba. Damu utamchoma mtu tena, atakunja uso, yataisha. Huyu utamwambia arudi kwenye kisu?

Jenereta lilishika. Nikashukuru Mungu, nikaweka chai.

Nikafungua droo ya tatu kutafuta pini za stepla. Zilikuwemo, chini ya rundo la bahasha. Majibu. Yamesomwa, yamesainiwa, yamegongwa muhuri, hayajachukuliwa. Nikayahesabu: 11.

Lazima niseme kwamba kwenye kikao cha mwezi uliopita nilisimama mbele za watu nikajisifu. Muda wetu wa kutoa majibu umepungua, nikaonyesha na grafu. Muda huo tunauhesabu tangu sampuli inapopokelewa hadi daktari wa patholojia, anayeisoma kwa darubini, anaposaini. Akishaweka peni chini, saa yetu inasimama. Na ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba tunachokaguliwa nacho, inataja wazi hatua za kabla ya kipimo, za kipimo chenyewe na za baada ya kipimo. Mimi ndiye ninayewafundisha vijana wapya hilo, kwa mkono wangu ubaoni.

Bahasha ya nne niliikumbuka kabla ya kuifungua. Ile sampuli ilikuja kwenye chupa ya maji ya kunywa, mdomo mwembamba. Wanakitumbukiza kinyama kikiwa laini, kinateleza chenyewe; fomalini ikishakikaza hakitoki ng'o. Kijana wetu wa mezani alilazimika kuikata chupa kwa wembe uliokwisha makali wa mikrotomu, mashine yetu ya kukatia vinyama, taratibu, kama mtu anayemenya yai. Tulicheka siku ile. Fomu yake: titi la kushoto. Umri: "mtu mzima". Simu: mstari mtupu.

Majibu ni saratani. Yana wiki tatu kwenye droo hiyo.

Upande wa damu wana utaratibu: potasiamu ikipanda kufikia hatari, fundi anainua simu palepale na kuandika kwenye rejesta jina la aliyepokea. Upande wetu hakuna anayekimbia, kwa sababu tumezoea kwamba mambo yetu ni ya siku nyingi. Siku moja zaidi itamdhuru nani? Ndivyo siku moja moja zinavyofika 21.

Nikapiga kituo kilichomtuma. Akapokea muuguzi, sauti ya mtu mzima. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikamweleza. Akaniambia nisubiri, nikasikia kurasa za daftari zikifunuliwa, mtoto akilia kwa mbali, kisha akanisomea namba ya mtoto wa kiume wa mgonjwa. Ilikuwapo kwao muda wote. Fomu yetu ina nafasi ya namba, hakuna aliyeijaza, na mapokezi yangu waliipokea hivyohivyo. Siwezi kuwalaumu wa chupa nikajiacha mimi.

Yule mtoto wa mgonjwa alipokea mara ya kwanza. Majibu ya namna hii hayasemwi kwenye simu, nikamwambia tu yapo tayari, waje na mama waonane na daktari. Akanyamaza kidogo.

"Sisi tuliambiwa yakitoka tutapigiwa, bosi. Tukawa tunangoja."

Nikamwambia pole. Sikuwa na lingine.

Mchana nimekaa na watu wa mapokezi. Kuanzia leo fomu isiyo na namba ya simu haisajiliwi mpaka aliyeileta apige na kuuliza, na sampuli yenyewe inahifadhiwa kwenye fomalini wakati huo, isije ikaharibika kwa ajili ya karatasi. Grafu ya mwezi huu itakuwa na mstari wa pili, wa siku ambayo bahasha imetoka mikononi mwetu. Najua utapanda vibaya.

Mama anakuja Alhamisi na basi la asubuhi. Kufikia jioni nimewapata wengine sita. Wanne namba zao hazipatikani; kesho nitaanza na vituo vyao.