Gigahezi 0.79

Vumbi la Tabora husingiziwa mengi. Kuanzia Agosti mpaka mvua za kwanza zinyeshe, mashine yoyote ikichemka, ikizima au ikipiga kelele, fundi na mteja hukubaliana kabla hata skrubu moja haijafunguliwa: ni vumbi. Mara nyingi huwa kweli. Ndiyo maana Septemba 2021 nilimaliza saa nzima na nusu nikisafisha mashine ambayo ugonjwa wake ulikuwa nje ya mashine.

Ilikuwa laptopu ya kijana wa chuo, iliyotengenezwa kwa ajili ya gemu: prosesa ya Intel Core i5-9300H, kadi ya picha ya NVIDIA GTX 1650 yenye gigabaiti 4, RAM gigabaiti 16. Gemu la mpira lililokuwa likienda fremu 60 kwa sekunde lilikuwa limeshuka hadi 12, wakati mwingine 9.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Inasumbua nini?"

"Jumamosi ilikuwa nzima. Jumapili umeme ukakatika, uliporudi tu, ghafla ikawa hivi."

Hilo "ghafla" ndilo lililopaswa kunisimamisha. Vumbi hujijenga kwa miezi. Feni huanza kuvuma mapema kuliko zamani, gemu huanza vizuri halafu baada ya robo saa hulegea, ukiipumzisha mashine hurudi hali yake kidogo. Mashine haiwezi kujaa vumbi usiku mmoja, hata Tabora. Lakini matundu ya feni yalikuwa yamevaa manyoya ya kijivu, nami nikashika bisibisi.

Kazi yenyewe haina siri. Toa mfuniko wa chini, chomoa plagi ya betri kwanza kabla ya kugusa kingine, kisha toa feni. Kati ya feni na mapezi ya shaba nilikuta vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi. Hilo halipulizwi, linatolewa kwa kibano. Unapopuliza feni, ishike kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa upepo mkali beringi huumia. Nikang'oa shaba ya kupoozea. Pesti ya zamani, ule uji unaopitisha joto kati ya chipu na shaba, nikaifuta kwa spiriti, nikaweka mpya kiasi cha punje ya choroko juu ya prosesa na nyingine juu ya kadi ya picha, nikakaza skrubu za shaba kwa kufuata namba zilizochongwa pembeni mwake. Anayekaza upande mmoja hadi mwisho kwanza huibana pesti ikakimbilia upande wa pili.

Nikaiwasha kwa betri, joto likasoma nyuzi 46. Safi. Nikachomeka chaji, nikafungua gemu. Fremu 12.

Hapo ndipo nilipofanya kile ambacho kingechukua dakika mbili tangu mwanzo. Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikafunguka Task Manager ya Windows, ukurasa wa utendaji, prosesa. Kasi: gigahezi 0.79. Nikafungua gemu, 0.79. Nikalifunga, 0.79. Prosesa hiyo kasi yake ya msingi ni gigahezi 2.4 na hupanda hadi 4.1. Kadi ya picha ilikuwa inatumika chini ya robo ya uwezo wake. Haikuwa mgonjwa, ilikuwa inasubiri kazi, kwa sababu kila fremu lazima prosesa iiandae kwanza ndipo kadi ichore.

Na joto? Nyuzi 49. Prosesa inayopunguzwa kasi na joto huonekana: hupanda, hugonga nyuzi 95 na zaidi, hushuka, hupanda tena, mchoro wake ni kama meno ya msumeno. Hii ilikuwa baridi na imenyooka kama reli ya kwenda Kaliua. Kasi inayoganda kwenye namba moja imegandishwa kwa amri. Swali likawa, amri ya nani?

Mpangilio wa umeme wa Windows niliuangalia haraka, prosesa ilikuwa imeruhusiwa asilimia 100, nikauacha. Kisha nikachomoa chaji, nia yangu ikiwa kuigeuza tu mashine mezani. Kasi ikaruka hadi 3.9.

Nikachomeka: 0.79. Nikachomoa: 3.9. Mashine ya gemu inayokimbia bila chaji na kutambaa na chaji! Nikatazama alama ya betri kwa mara ya kwanza siku hiyo: asilimia 31, imechomekwa, haichaji. Kijana hakuwa ameliona hilo kwa sababu yeye hucheza akiwa amechomeka muda wote.

HWiNFO, programu ya bure ya kusoma vipimo vya mashine, ilithibitisha. Mstari wa PROCHOT EXT ulikuwa umeandika ndiyo. PROCHOT ni waya wa kengele ya joto wa prosesa, lakini ni wa njia mbili: prosesa yenyewe inaweza kuipiga, na ubao mama pia unaweza kuipiga kutoka nje kwa sababu zake. EXT maana yake imepigwa kutoka nje.

Sababu za ubao mama huu zilikuwa kwenye chaji. Chaji ya aina hii ina mdomo wa duara wenye pini nyembamba kama sindano katikati. Umeme haupiti kwenye pini hiyo. Inapita taarifa: ndani ya boksi la chaji kuna chipu ndogo inayouambia ubao "mimi ni wati 130". Taarifa isipofika, ubao hauwezi kujua kama umechomekewa chaji ya wati 130 au ya 45, na prosesa ya wati 45 pamoja na kadi ya wati 50, bado kioo na feni, zingeichemsha chaji dhaifu. Kwa hiyo unajihami: hauchaji betri na unaibana prosesa. Kwa maoni yangu ni uamuzi wa busara, isipokuwa haupigi kelele ya kutosha. Kijana alikiri kwamba kila akiwasha mashine ikiwa na chaji, ukurasa mweusi humwambia aina ya chaji haijulikani, naye hubonyeza kitufe kuupita. "Nilijua ni tangazo." Mimi nilikuwa nimeiwasha kwa betri, sikuuona.

Mita ya umeme hudanganya hapa. Nilipima kati ya ganda la nje na ukuta wa ndani wa mdomo, nikapata volti 19.6, chaji nzima kabisa. Mita haikuambii kama pini ya kati imekatika waya. Nilichofanya ni kuazima chaji ya wati 65 ya jinsi hiyo hiyo kwa jirani wa steshenari. Mashine ikaitambua, betri ikaanza kuchaji, kasi ikapanda japo si hadi juu. Maana yake tundu la laptopu na ubao ni wazima. Kisha nikarudisha chaji yake nikaukunja waya taratibu karibu na mdomo: alama ya kuchaji ikatokea, ikapotea.

Umeme wa Jumapili haukuwa na hatia. Ulipokatika, kijana aliibeba mashine hadi kibarazani chaji ikining'inia tunduni, boksi zima likivuta waya shingoni.

Chaji mpya ingetoka Kariakoo kwa basi, na yeye asubuhi alikuwa na treni. Nilikata waya sentimita 4 nyuma ya mdomo, chaji ikiwa imechomolewa ukutani dakika kadhaa. Ndani mna njia tatu: nyuzi za nje zilizosukwa, ambazo ni hasi, waya mnene mweupe wa volti 19.5, na wa bluu mwembamba wa taarifa, ambao ndio uliokuwa umekatika. Nilitumia mdomo wa chaji ya wati 65 iliyokufa, nikiacha mkia mfupi, kwa sababu nyaya zake ni nyembamba na hapa hupita ampea 6.7. Chipu haikai kwenye mdomo, hivyo wati 130 hazibadiliki. Kila kiungo nikakilehemu na kukivalisha mpira wake, kisha nikapima kwamba bluu na mweupe hazigusani. Zikigusana, volti 19.5 huingia kwenye njia ya taarifa, na hapo unaweza kuzika chipu na ubao pamoja.

Wakati solda inapoa kijana alinionyesha kwenye simu video ya mtu anayezima PROCHOT kwa programu ya ThrottleStop. Inafanya kazi, kasi hurudi. Lakini betri bado haichaji, na umeizima ile kengele ya kutoka nje, ambayo siku moja ubao mama unaweza kuipiga kwa moto wa kweli.

Tukachomeka. Bayosi, programu ya ubao mama inayoamka kabla ya Windows, ikasoma wati 130. Gemu likafunguka, gigahezi 3.8, fremu 60. Kijana akaweka kiganja juu ya kibodi, akakiondoa.

"Fundi, mbona sasa inachemka?"

Nyuzi 84. Nikamwambia wiki nzima ilikuwa baridi kwa sababu ilikuwa haifanyi kazi. Akalipa, akachukua chaji na kuanza kuuzungusha waya kwa kuukaza kwenye boksi lake, shingo ikipinda pale pale nilipolehemu. Nikamnyang'anya, nikaufungua, nikamkunjia mduara mpana.