Uvimbe wa begani kwa mama

Mama yangu anauza mitumba hapa Busia, upande wa Uganda. Kwa miaka minne alikuwa na uvimbe begani, pale pale anapobebea furushi. Haukumuuma. Jirani mmoja alitaka kuupasua kwa wembe. Namshukuru Mungu nilifika mapema.

Daktari aliubonyeza kwa vidole viwili. Ulikuwa laini kama unga uliokandwa, ukateleza chini ya ngozi. "Mama, hii ni lipoma," akasema. "Ni mafuta yaliyojikusanya. Si saratani." Dawa ya kuchua haiuyeyushi, na usipokusumbua unaweza kuuacha ulivyo.

Wa mama ulisuguliwa na furushi kila siku, basi ukatolewa: sindano ya ganzi, mkato mdogo, nyuzi tano, na jioni alikuwa nyumbani. Donge lenyewe nililiona kwenye kibakuli, la manjano, kama mafuta ya kuku. Likapelekwa maabara kuthibitishwa.

Lakini uvimbe mgumu, unaouma, unaokua haraka au uliozidi sentimita 5, tafadhali, wahi hospitali. Kwa sasa mama furushi anamwachia mdogo wangu, mpaka kidonda kikauke.