Nilivyoichezesha singeli Kamalondo

Mara ya kwanza kusikia singeli nilidhani redio ya lori imeharibika. Ilikuwa Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, kwenye foleni ya malori ya kutoka Dar es Salaam. Nilikuwa nimemfuata mjomba kupokea mizigo yake ya nguo, tumekaa tangu asubuhi, vumbi hadi masikioni. Dereva mmoja Mtanzania kafungua mlango, miguu juu ya dashibodi, na kinachotoka humo ni kama kanda inayokimbizwa mbele.

"Kaka, redio imekufa?"

"Imekufa wapi? Hiyo singeli, bwana. Una flashi?"

Flashi ninayo siku zote. Kazi yangu ni kupiga muziki kwenye sherehe za watu hapa Lubumbashi.

Singeli ni mtoto wa uswahilini, Dar: Manzese, Tandale, Mburahati. Ilitokana na mchiriku, ule wa kinanda kidogo cha Casio na ngoma, na taarabu nayo imo. Mtayarishaji hukata kipande kifupi, pengine sekunde chache tu za kinanda, akakizungusha bila kukoma na kukikimbiza. Mapigo huanzia kama 200 kwa dakika. Wapo wanaofika 300. Juu yake MC anamwaga maneno: utani, mafumbo, majina ya mitaa, shida za kodi ya nyumba. Ilikulia kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, na Msaga Sumu ni mmoja wa waliovuma nayo. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyo wa studio ya Sisso ya Mburahati, na wapenzi wa muziki wa mashine kule Ulaya wakaanza kuifuatilia. Yaani Mzungu asiyeelewa neno hata moja alinitangulia mimi ninayeelewa karibu yote. Inaniuma hadi leo.

Basi nikaipeleka kwenye harusi ya binamu, mtaa wa Katuba. Saa nne usiku, watu wamepasha moto kwa seben, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea katika rumba yetu, nikaona huu ndio wakati. Nikakata wimbo, nikaachia singeli ya mapigo 210. Vijana wakaruka kwa kila pigo, na haikufika dakika mbili wakawa wameshika magoti wanahema. Wazee wakarudi kwenye viti. Mama mkubwa akaja hadi mezani kwangu, kitambaa cha jasho mkononi: "Mwanangu, hii ni muziki ao ni mashini ya kushona?" Nikaitoa. Lupango zima, yaani ua wote, likacheka, mimi nikainama kama natafuta waya.

Dawa niliipata kwa bahati. Siku moja programu ya kompyuta ilinisomea wimbo uleule kuwa 105. Nikadhani imekosea, kumbe imehesabu nusu. Nikaweka seben ya 105 pembeni yake, nikaziachia pamoja, zikalala kama shuka mbili. Nikasimama katikati ya chumba nikajaribu: mguu unakanyaga mara moja kwa kila mapigo mawili, mabega ndiyo yanayofuata zile ngoma ndogo za haraka. Nilicheza wimbo mzima bila kuhema.

Kwenye sherehe iliyofuata, hapa Kamalondo, sikukata wimbo. Niliacha seben iendelee, nikaingiza singeli chini kwa sauti ndogo, kama dakika moja hivi, huku mpwa wangu akipiga makofi ya nusu kwenye maikrofoni. Miguu ya watu ilikuwa imeshashika mwendo wake. Nilipoiondoa seben hakuna aliyesimama. Nilipiga tatu tu. Ya nne ingenirudisha Katuba.

Sasa nahangaika na jambo jingine. Mzee mmoja jirani anapiga karindula, lile banjo letu kubwa la pipa na ngozi ya mbuzi. Nilimrekodi kwa simu, nikakata kipande, nikakikimbiza. Sauti ikapanda ikawa mbu. Nikaizuia isipande, ngozi ikapoteza ule mngurumo wake wa pipa. Nikamwomba arudie kwa nyuzi zilizolegezwa. Akanitazama sana, lakini akalegeza. Hapo ikakubali, hadi 190. Zaidi ya hapo inapasuka.

Yule dereva akipita tena Kasumbalesa nitamsikilizisha. Najua atasema bado inatembea.